Mwanamke Aliyerahisisha Vyeti vya Seva Zetu

Hakupenda kueleza kitu mara mbili. Hakuwa mvivu, wala hakuwa na dharau. Aliamini kwamba kitu kinachohitaji kuelezwa mara mbili kina kasoro, na kasoro hiyo iko kwenye kitu chenyewe, si kwa mtu anayeelezwa. Ukimwambia hujaelewa, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, akasema, "Basi kimeundwa vibaya. Ndoo tukiangalie."

"Ndoo" kwake ilikuwa njoo. Alikuwa mtu wa Kipini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mdomoni mwa Tana, kinachokaribia cha Lamu. Sisi wengine pale Garsen, Wapokomo, Waorma, Wagiriama na Wasomali, Kiswahili tulikitumia sokoni na ofisini, tukirudi nyumbani tunakiacha mlangoni. Yeye alikuwa akiota nacho.

Tulimwita Injinia. Alikuwa ameshughulika na mitambo ya simu kule Mombasa kwa miaka mingi, akastaafu, kisha shirika letu la misaada likamwajiri aje kusimamia kompyuta zetu, wakati mvua za El Nino zilipokuwa zimeigeuza delta nzima kuwa ziwa. Mimi nilikuwa karani wa dawa katika ofisi hiyo hiyo. Nilipokea maombi ya zahanati za mtoni nikayapeleka bohari yetu ya Malindi, na bohari ikatoa dawa. Meza yangu na yake zilitazamana, kwa hiyo karibu kila alichokifanya nilikiona.

Ili ieleweke kwa nini alipigana vile na kompyuta, lazima niseme kwanza yaliyotokea Chara.

Kabla ya Injinia kuja, maagizo yote yalipita kwenye redio. Redio haina siri. Kila aliye na chombo chake anasikia, na kila anayesikia anaweza kusema. Mafuriko yalipopamba moto, kipindupindu kiliingia Chara, nasi tukapakia boti dawa na chupa za maji ya mishipa. Boti ikiwa njiani, sauti ikasikika redioni: "Hapa Garsen. Chara wameshapata. Geuzeni, pelekeni mzigo upande wa juu." Nahodha akageuza. Sauti ile haikuwa yetu. Hadi leo sijui ilikuwa ya nani. Wako waliosema ni mfanyabiashara, wako waliosema ni mtu aliyekuwa na wagonjwa wake mwenyewe na akaona hana jinsi. Dawa hazikupotea, maana kule zilikokwenda nako watu waliugua. Lakini Chara waliketi ukingoni mwa maji wakingoja boti ambayo ilikuwa imewapa kisogo. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa mmoja wa waliofariki kabla ya boti ya pili kufika.

Baada ya hapo ofisi kuu Nairobi ikapiga marufuku agizo lolote la dawa kwa redio. Redio ikabaki ya salamu na habari. Maagizo yangepita kwenye kompyuta, kwa laini za simu zilizosalimika, na kila kituo, Garsen, Hola, Kipini na Malindi, kingekuwa na seva yake, yaani kompyuta inayotunza ujumbe na kuwapa wengine wanapopiga simu. Na kila seva ingekuwa na cheti cha usalama, ili kompyuta ya Malindi ikiongea na ya Garsen iwe na hakika kwamba ni ya Garsen kweli.

Wazo lilikuwa zuri. Lakini lilikuja na mwongozo.

Nakumbuka siku kijana wa kompyuta wa ofisi kuu alipoushusha mwongozo huo kwenye gari. Alikuwa kijana mwerevu, shati limepigwa pasi hata baada ya safari ile ya matope. Injinia aliupokea kwa mikono miwili, akaupimapima uzito kama anayenunua papai.

"Kitabu hiki asome nani?"

"Msimamizi wa kila kituo, madam. Ni hatua kwa hatua."

"Msimamizi wa Hola ni muuguzi. Ana wagonjwa mlangoni. Atawaambia wangoje amalize sura ya saba?"

Kijana akacheka, akidhani ni utani. Injinia hakuwa akitania.

Kwa miezi ya kwanza vyeti viliwekwa kwa mwongozo ule, na kila kituo kilikuwa na ugonjwa wake. Hola, jina lililoandikwa kwenye cheti halikulingana na jina ambalo kompyuta yenyewe ilipewa, kwa hiyo seva nyingine zikaikataa kama mtu anayejiita Komora huku kitambulisho chake kinasema Jillo. Malindi, mtu aliruka mstari mmoja katika faili la maelekezo na seva ikagoma kuwaka kabisa. Na Kipini lilitokea jambo ambalo Injinia hakulisahau.

Tulikwenda Kipini pamoja kwa boti. Alikuwa amekwenda kugomba. Karani wa kule, kijana mmoja aitwaye Shee, alikuwa ameripotiwa kwamba anapuuza usalama. Injinia hakuanza kwa kugomba. Alivuta kiti, akaketi nyuma ya Shee, akamwambia afanye kazi yake kama kawaida. Shee akafungua mashine, akapiga simu Garsen, na kwenye skrini likatokea onyo refu. Shee akabonyeza Ndiyo kabla maandishi hayajamaliza kujitokeza.

"Umebonyeza nini?" Injinia akauliza.

"Ni lile la kila siku, mama."

"Lasema nini?"

Shee akajikuna kichwa. "Siyui. Lakini ukibonyeza Hapana, kazi haiendelei."

Nilingoja radi. Haikupiga. Injinia aliomba fundi wa jenereta aje, akauliza umeme huzimika mara ngapi, akafungua kompyuta na bisibisi yake mwenyewe. Betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa. Kila umeme ulipozimika, kompyuta ilisahau mwaka, ikarudi nyuma hadi zamani, na kwa hesabu hiyo cheti kilikuwa bado hakijaanza kutumika. Onyo lilikuwa la kweli kila siku, na halikuwa na maana yoyote.

Katika boti ya kurudi alinishika mkono njia nzima, kwa sababu mwanamke huyu aliyelelewa pwani aliogopa maji kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Karibu na nyumbani ndipo aliposema. "Shee hana makosa. Tumempa mlango unaopiga kelele kila akiingia mwenyewe. Siku mwizi akiingia, utapiga kelele ile ile, na Shee ataendelea kunywa chai."

Kuanzia hapo alifungia mwongozo kabatini na kuanza kazi yake.

Alichokitaka ni rahisi kukisema. Alitaka mtu yeyote wa kituo chochote aweze kuiwekea seva yake cheti bila kujua cheti ni nini, na aweze kukibadilisha kikichakaa. Aliandika programu inayotoshea kwenye disketi moja. Ukiitia kwenye kompyuta, inakuuliza maswali matatu kwa Kiswahili, kisha yenyewe inatengeneza ufunguo wa siri, inaandika faili lote la maelekezo, inatuma ombi Garsen ili litiwe sahihi, na cheti kikirudi inakiweka mahali pake na kuiwasha seva upya. Mambo yote ambayo mwongozo ulikutaka uchague, yeye alikuwa ameshakuchagulia.

Kuandika programu hakukumchukua muda mrefu. Maneno ya yale maswali ndiyo yaliyomchukua muda. Aliyajaribu kwa kila aliyepita mlangoni. Askari aliyekuja kuomba maji ya kunywa, alikalishwa. Mwalimu aliyekuja kuulizia gari la Malindi, alikalishwa. Mtu akikwama, Injinia hakumsahihisha. Alilisahihisha neno.

Swali la tatu mwanzoni lilikuwa, "Nani anasimamia kituo hiki?" Mama aliyetuuzia chapati alilisoma kwa sauti, akatafakari kwa heshima, akajibu, "Mungu."

Injinia alicheka hadi akalaza kichwa mezani. Halafu akafuta machozi, akageukia kompyuta, akabadilisha swali likawa, "Andika jina lako."

Swali la tarehe lilimshinda zaidi. Barisa, Muorma aliyekuwa akisimamia chanjo za ng'ombe na ambaye alikuja kwetu kuagiza dawa za mifugo, aliulizwa leo ni tarehe gani naye akaandika tarehe ya mwezi wa Kiislamu, kwa usahihi kabisa. Kompyuta ikachanganyikiwa.

"Nimekosea?" Barisa akauliza.

"Hukukosea. Ni mimi nimeuliza vibaya."

Siku ya pili swali lilikuwa limegeuka. Sasa kompyuta ilikuonyesha tarehe inayodhani ni ya leo, ikakuuliza kama ni kweli. Ukisema hapana, inakuomba uirekebishe kabla ya kuendelea. Kwa njia hiyo betri ikifa, mtu anajua palepale, wala hakuna onyo la kila siku la kuzoeleka.

Barisa ndiye pia aliyeuliza swali ambalo sisi wa ofisini tuliona haya kuliuliza. "Hiki cheti hasa ni nini?"

"Ng'ombe wako unamjuaje kisimani, katika kundi la watu?"

"Alama ya sikio. Yangu mimi ndiyo najua."

"Na mtu akikata alama kama yako?"

Barisa akafikiri. "Naita wazee. Hao wanamjua ng'ombe, wanamjua mama yake, wanamjua nyanya yake. Wakisema wa Barisa, imeisha."

"Basi. Alama ya sikio ni ufunguo wa seva. Cheti ni maneno ya wazee."

"Na wazee ni nani hapa?"

"Ni mimi," Injinia akasema, bila hata kutabasamu.

Ndivyo alivyokuwa. Sijapata kumsikia akijishusha. Jambo likifaulu, aliegemea kiti, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nani kama mimi?" na alingoja jibu. Usipomjibu, alirudia. Wageni walidhani ni majivuno. Sisi tuliomzoea tulijibu, "Hakuna," kwa pamoja, kama darasa, na tulimaanisha.

Lakini mtu huyu aliyefupisha kila mashine iliyopita mikononi mwake hakuweza kufupisha hadithi. Ukimuuliza boti ya Kipini inaondoka wakati gani, ungesikia kwanza nahodha ni mtoto wa nani, mama yake aliolewa wapi, harusi ile ilileta ugomvi gani, na nani alikataa kula wali siku hiyo. Boti ingeondoka akiwa bado kwenye wali. Mara moja nilimwambia, "Injinia, hadithi zako nazo zinahitaji maswali matatu." Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mama Jillo, hadithi si kifaa."

Nyumba yake haikuwahi kufungwa. Mlango ulikaa wazi mchana kutwa, mbuzi wa jirani wakiingia na kutoka. Nilipomkanya alisema hana cha kuibiwa mle ila sufuria na kitanda. Na mtu huyo huyo, ile disketi yenye ufunguo wa kutia sahihi vyeti vyote aliibeba mwilini. Aliishonea mfuko wa kitambaa kizito, akaufunga kiunoni chini ya dera, na hakuuvua hata alipokuwa na homa. Ufunguo ule ungeangukia mkono mbaya, mtu angeweza kutengeneza Garsen ya uongo na kila seva ingeiamini, kama nahodha alivyoiamini ile sauti.

Alikuwa na ulimi mkali pia, nisije nikamfanya malaika. Mlinzi wetu aliwahi kuchomoa waya wa modemu ili achaji tochi yake, na Injinia alimsema mbele ya watu hadi mtu mzima akatokwa na machozi. Hakuomba msamaha. Kesho yake alimletea mlinzi samaki mzima wa kupaka, akamweka juu ya stuli yake, akaingia ofisini bila neno. Mlinzi alikula. Yakaisha.

Kijana wa Nairobi alirudi aliposikia mwongozo wake umefungiwa kabatini. Safari hii hakucheka.

"Madam, umeondoa kinga. Kila mstari katika lile faili ulikuwa na sababu yake."

"Nitajie mstari mmoya wenye sababu, niurudishe."

Waliketi bega kwa bega kutwa nzima, wakaupitia mwongozo mstari baada ya mstari. Mimi nilikuwa nikiwapelekea chai na kusikiliza. Mingi alishindwa kuitetea, akakiri kwamba na yeye aliipokea tu kutoka kwa wengine. Lakini michache aliitetea vizuri, naye Injinia akairudisha, ila ndani, mahali ambapo mtumiaji haioni wala haimhitaji. Kufikia alasiri walikuwa wameanza kumaliziana sentensi. Ndipo kijana akauliza, kwa upole, "Ufunguo wa kutia sahihi uko wapi?"

Injinia akajipiga kiunoni.

"Na ukizama mtoni, madam? Au ukiugua?"

Injinia aliinuka, akatoka nje, akasimama uani kwa muda akitazama upande wa mto, na kijana akanitazama mimi kwa hofu kana kwamba ameua mtu. Aliporudi hakumsemesha. Alinijia mimi, akaniambia kwa sauti ya chini lakini ya kusikika chumba kizima, "Kijana amesema kweli."

Akatengeneza nakala ya pili ya ufunguo, akaipa neno la siri, akaifungia katika kabati la dawa za hatari, ambalo funguo zake nilikuwa nazo mimi na daktari wetu tu. Kisha akanikalisha kunifundisha jinsi ya kutia sahihi cheti.

"Sitaeleza mara mbili," akasema.

Hakuhitaji. Nami sijawahi kuwa mtu wa mitambo.

Aliugua mvua zilizofuata. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, akaanza kuongea na watu wasiokuwapo, na tukampakia kwenye gari kumpeleka hospitali Malindi. Tulipomlaza kwenye godoro nyuma ya gari alinishika kanga, akasema kitu kuhusu Hola, nikadhani ni homa.

Siku chache baadaye radi ilipiga kituo cha Hola na kuiunguza seva yao. Kompyuta nyingine ikapelekwa, tupu kabisa. Na wakati huo huo taarifa zikaja za kipindupindu katika kijiji kimoja cha juu ya mto, watu wanaanguka. Muuguzi wa Hola, Amina, alinipata kwenye redio.

"Mama Jillo, chupa za maji ya mishipa zinaniishia. Nilizobaki nazo ni za leo. Waambie Malindi."

Nikapiga simu bohari. Msimamizi wa bohari hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyekuwa ameipakia boti ya Chara kwa mikono yake, na jambo lile lilikuwa halijamtoka. "Nakuamini wewe," akaniambia, "lakini sijui wewe umemsikia nani. Nipe agizo la Hola lenye cheti. Bila hilo sitoi mzigo."

Nilikata simu nikiwa na hasira, na huku najua kwamba ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Nikarudi redioni. "Amina, una ile disketi ya Injinia?"

"Niko nayo. Lakini mimi sijawahi kuitumia. Karani wetu wa kompyuta ako likizo."

"Itie. Soma inachokuuliza."

Nikasikia kelele za wagonjwa nyuma yake, kisha sauti yake ikisoma polepole. "Kituo hiki ni kipi? Zimeandikwa majina, nachagua. Hola. Sasa inasema… eh! Inadhani leo ni mwaka wa elfu moja mia tisa themanini! Ni kweli?"

"Ni kweli?"

"Wapi! Mwaka huo nilikuwa nachezea matope." Nilimsikia akicheka, katikati ya yote yale. "Nimerekebisha. Sasa yataka jina langu."

"Basi andika jina lako."

Ombi likaja kwenye kompyuta yangu. Laini ikakatika kabla halijamaliza, Amina akapiga tena, likaja lote. Nikafungua kabati la dawa za hatari, nikatoa disketi. Nikakosea neno la siri, nikaliandika upya. Nikakumbuka alivyonifundisha: usitie sahihi kwa sababu jina limeandikwa Hola. Mtu yeyote anaweza kuandika Hola. Kwenye skrini yake kuna herufi chache na tarakimu zilizotoka kwenye ufunguo wake. Na kwako ziko. Akusomee kwa sauti unayoijua.

"Nisomee," nikamwambia Amina.

Akasoma. Sauti ilikuwa ya Amina, ile ya kukwaruza kidogo ambayo nilikuwa nimeisikia kila asubuhi kwa miaka. Herufi zililingana zote. Nikatia sahihi.

Cheti kikaenda Hola, nikamwambia Amina atume agizo lake. Sikuona chochote kikitokea, na hilo ndilo lilinitisha zaidi, hadi simu ikalia na ilikuwa bohari. "Agizo la Hola liko hapa mbele yangu," msimamizi akasema. "Linajulikana. Napakia sasa." Hola hawakuishiwa maji ya mishipa. Amina aliniambia baadaye kwamba gari lilifika akiwa ametundika chupa ya mwisho.

Nilipokwenda Malindi kumtazama Injinia, alikuwa ameketi kitandani, mwembamba, macho yamerudi kuwa yake. Nikamsimulia.

"Ulichukua muda gani?"

"Kama wa kunywa chai."

"Ya mtu mwenye haraka, au ya mtu kama mimi?"

"Ya mtu mwenye haraka."

Akajilaza kwenye mto, akafumba macho. "Nani kama mimi?" akasema kwa sauti hafifu.

"Hakuna," nikajibu, na mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye hakujua tunaongelea nini, naye akasema hakuna.

Mradi ulipokwisha, seva zilihamishiwa Mombasa na kila mtu akaenda zake. Mimi nilipata kazi kwingine, yeye akarudi Kipini kwa dada yake. Ikapita miaka nisimwone. Kisha nikapelekwa kwenye mafunzo Mombasa, na aliyesimama mbele kufundisha alikuwa yule kijana wa Nairobi, ambaye sasa hakuwa kijana sana. Waliohudhuria walikuwa wametoka nchi mbalimbali. Alipofika kwenye vyeti vya seva aliwasha skrini ukutani, na pale palikuwa na programu ya Injinia. Ilikuwa imepambwa rangi, imetafsiriwa kwa lugha kadhaa, lakini ilikuwa ile ile. Akawaambia kwamba alipokuwa barobaro aliandika mwongozo mnene, na mwanamke mmoja, Injinia wa Garsen, akamfundisha kwamba usalama ambao watu hawawezi kuutumia haujakuwa usalama bado.

Nilikwenda Kipini mara tu nilipopata nafasi. Nilimkuta barazani kwa dada yake. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia, ukakaa mapajani kama kitu alichopewa amshikie mwenzake. Alikuwa amezeeka, lakini aliponiona alianza kunieleza habari za boti niliyokuja nayo, imejengwa na nani na kwa nini ubao wake wa mbele umepinda, na nikamwacha amalize.

Halafu nikamwambia kuhusu Mombasa. Nilimwambia yote, rangi, lugha, watu walioandika kwenye madaftari yao. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Alilitaja jina langu?"

Nilitamani kumdanganya. "Hapana," nikasema. "Alisema, Injinia wa Garsen."

Akatazama barabarani. Watoto walikuwa wakipita na ndoo za maji, na dada yake alikuwa ndani akigonga nazi. Sikujua kama nimemuumiza.

"Garsen kumekuwa na mainjinia wangapi?" akaniuliza mwishowe.

"Ninavyojua mimi, mmoja."

"Basi amelitaja," akasema. Akageuza kichwa kuelekea ndani, akapaza sauti ile ile ya zamani, ya ofisini, yenye kusikika chumba kizima: "Dada! Mgeni wangu ataka kula. Na muulize huyu mgeni, dada yako ni nani, akwambie!"